Anaijua kanuni ya Archimedes kwa moyo, akitumbukia horini anazama. Uzi kwa walimu wa fizikia na wazazi

MwlBamvua

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Nafundisha fizikia sekondari ya pwani. Ukisimama dirishani kwenye darasa la kidato cha kwanza unaliona hori, ule mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, na mikoko ng'ambo yake. Kuna wanafunzi wanaolivuka kila siku kwa mtumbwi, asubuhi na jioni.

Mwaka juzi kijana wangu mmoja aliteleza akiwa anapanda mtumbwi, maji yamejaa. Alienda chini, akaibuka, akaenda tena. Mvuvi akamdaka ukosi wa shati. Sasa huyu kijana ndiye aliyekuwa anaongoza somo langu. Kanuni ya Archimedes, kwamba kitu kikiwa majini kinasukumwa juu kwa nguvu sawa na uzito wa maji kilichoyasogeza, alikuwa anaitiririsha kwa Kiingereza bila kumeza mate, na kwenye mtihani hesabu za kuelea na kuzama alizipata zote.

Nilienda kwao kumjulia hali, nikamuuliza ilikuwaje. Akanijibu, "Mwalimu, nilikuwa nanyoosha mikono wanione. Kila nikinyoosha nazama."

Nikarudi nyumbani na hilo jibu. Usiku nikachukua karatasi nikapiga hesabu ambayo kwa miaka yote ya ualimu sikuwahi kuipiga. Tuchukue mwanafunzi wa kilo 50. Akijaza mapafu, mwili wake unachukua nafasi ya lita 51 na nusu hivi. Lita moja ya maji ya kisima ni kilo moja, kwa hiyo akizama mwili mzima maji yanaweza kumbeba kilo 51.5. Akiba yake ni kilo moja na nusu, basi. Baharini kuna chumvi, lita moja inafika kilo 1.025, akiba inapanda hadi karibu kilo 2.8.

Mkono wa mtu kuanzia begani ni kama asilimia 5 ya mwili. Kwa huyu wetu ni kilo 2.5, miwili ni kilo 5. Ikiwa ndani ya maji, maji yanaibeba. Ukiitoa nje, mbebaji ni wewe. Una akiba ya 2.8 na umejitwika 5. Utaenda chini tu, hata kama ulipata A.

Kichwa nacho ni kama asilimia 8, yaani kilo 4. Kwa hiyo hata kichwa kizima hakitoshi kwenye akiba. Kinachotosha ni uso: pua na mdomo, masikio yakiwa ndani ya maji, mtu amelala chali anaangalia mawingu. Na akipiga yowe refu, kila lita ya hewa inayotoka kifuani inaondoka na kilo moja hivi ya msukumo.

Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa. Walichokiona ni kweli kabisa. Ila sisi walimu tuna mada nzima ubaoni inayoeleza kwamba kutapatapa ndiko kunakommaliza, na hatujawahi kumwambia mtoto.

Naendelea chini, ngoja nile kwanza.

Mkerewe_Asili

Mkuu, sisi Ukerewe hakuna aliyepigiwa hesabu. Kaka yako anakutupa kutoka kwenye mtumbwi, ukirudi umeshajua kuogelea. Hiyo fizikia ya nini?

MwlBamvua

Ukirudi. Wasiorudi hawana akaunti humu.

Mkerewe_Asili

Daah. Sawa mwalimu, nimekaa. Endelea.

MwlBamvua

Tuanze na pipa, kwa sababu bahari ilikuja baadaye sana.

Nilitafuta pipa la lita 200, lile la bluu la plastiki lililokatwa juu, tukaliweka nyuma ya maabara chini ya mwembe. Tukalijaza robo tatu, tukaweka alama ya utepe pale maji yalipofika. Mwanafunzi anaingia kwa miguu, wenzake wawili wanamshika mikono, anavuta pumzi, anachutama hadi utosi unapotea, anahesabiwa tatu, anainuka. Mwingine anaweka alama ya pili pale maji yalipopanda. Akishatoka, tunarudisha kwanza maji yaliyomwagika na mwili wake hadi alama ya kwanza, halafu tunaongeza kwa jagi la lita moja, tukihesabu, hadi alama ya pili. Hesabu ya majagi ndiyo ujazo wake. Mizani ya kupimia kilo tuliazima zahanati.

Hapo ndipo nilipoona sura ambazo sijawahi kuziona darasani. Kwenye kitabu ni jiwe lisilo na umbo maalumu ndani ya silinda ya kupimia. Hapa ni Mwajuma, lita 44, na Mwajuma mwenyewe yupo analowa.

Halafu tukarudia: pipani, maji mabegani, umejaza pumzi, maji yamefika wapi? Toa pumzi yote, yamefika wapi? Tofauti ni kama sentimeta moja. Ndogo kweli, lakini pipa hilo sentimeta moja ni lita mbili na nusu. Nikawaambia wakokotoe densiti, yaani kilo kwa kila lita, kwa hali zote mbili; maji ya kisima ni 1, anayezidi hapo anazama. Waliojaza pumzi wengi walikuwa chini kidogo ya 1. Walipotoa pumzi karibu wote wakavuka 1. Darasa likanyamaza. Binti mmoja akasema kwa Kiswahili, maana Kiingereza kilishaachwa kule ndani, "Kumbe mimi ni kitu kinachoelea na kinachozama, nachagua mwenyewe."

Hiyo sentensi niliiandika kwenye daftari la maandalio. Mkaguzi akija ataikuta.

FundiPampu

Marekebisho mawili mwalimu. Moja: kilo ni kipimo cha tungamo, uzito unapimwa kwa niutoni. Pili: usiwadanganye watoto kwamba kila mtu akijaza mapafu anaelea. Mtu mkavu mwenye misuli mizito anaweza kuzama kwenye maji yasiyo na chumvi na mapafu yamejaa. Nimefanya kazi kwenye bwawa la hoteli, nimewaona.

MwlBamvua

La kwanza nakubali, ila sokoni hata Archimedes angenunua samaki kwa kilo.

La pili umenipata, na mimi nililikuta pipani. Nilikuwa nimeshawatangazia kwa sauti ya kujiamini kwamba kila binadamu anaelea. Akaingia kijana mmoja, mbeba magunia bandarini siku za mapumziko, mwili wote misuli. Densiti yake na pumzi imejaa ikatoka 1.01. Tukarudia mara tatu. Wenzake wakanigeukia. Ikabidi nikae chini nikasema, haya, leo mwalimu amekosea, tufanyeje? Wakakokotoa wenyewe kwamba kwenye bahari ya 1.025 anaelea, kidogo sana, na kwenye kisima au mtoni hategemei mapafu peke yake, lazima viganja vifanye kazi chini ya maji. Kwa kweli kilikuwa kipindi kizuri kuliko ningekuwa sahihi.

MamaWawili

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzazi, nimesoma kimya kimya mpaka hapa. Pipa nimeelewa. Sasa hiyo bahari, nani alikupa ruhusa ya kuingiza watoto wa watu majini? Mtoto mmoja akipotea, utatuambia densiti?

MwlBamvua

Marahaba mama. Swali lako ndilo lililonichelewesha muhula mzima, na naomba kila mwalimu anayesoma hapa lisimpite.

Mkuu wa shule alikataa mara mbili. Mara ya tatu alikubali kwa masharti, na masharti yalikuwa ya maana kuliko mpango wangu. Wazazi waliitwa, wakaelezwa, aliyetaka akasaini, asiyetaka mtoto wake alibaki ufukweni anaandika vipimo, na hakuna aliyemcheka. Wanaingia wanane kwa wakati mmoja, hawazidi. Wavuvi wawili wenye ngalawa wanakaa upande wa maji makuu, kamba imefungwa kutoka kigingi hadi kwenye ngalawa, na hakuna mtoto anayepita kamba. Mwalimu wa michezo ndiye anayeogelea vizuri, mimi ninaogelea kawaida tu, kwa hiyo majini bosi ni yeye. Kina hakizidi kifua cha mfupi kuliko wote.

Na siku tunachagua kwa mwezi. Wapwani mnajua: mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, mkondo wa hori unakimbia. Sisi tunaingia siku za maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, na tunaingia yakiwa yanajaa, ili mkondo ukimchukua mtu umlete ndani, usimpeleke nje. Hiyo nayo ni fizikia. Jua na mwezi vikivuta kwenye mstari mmoja unapata bamvua, vikivuta kwa pembe mraba unapata maji mafu. Mzee mmoja mwenye ngalawa aliwaeleza wanafunzi ratiba ya mwezi mzima kwa vidole vyake, mimi nikachora mchanganuo mchangani, vikalingana.

MamaWawili

Hapo sawa. Wangu angebaki ufukweni lakini.

BintiNungwi

Mwalimu, niongeze la Unguja. Kule kaskazini kwetu mradi wa Panje umewafundisha wasichana na wanawake kuogelea, na wanafunzi wa shule ya msingi Kijini wamefunzwa kuelea na kuokoa mtu kwenye ufukwe wa Muyuni. Mavazi yalikuwa ya stara mwili mzima na mwalimu mwanamke, wazazi wakaridhia. Na vifaa havikuwa vya kizungu: madumu ya njano yale ya mafuta ya kula ndiyo waliyokuwa wanakumbatia. Picha zao zilipata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018, watu wakashangaa dunia nzima, sisi tulikuwa tunayaona madumu yetu tu.

Swali langu: bibi zetu walikuwa wanatukataza kuingia na nguo ndefu, wanasema nguo ikilowa inakuvuta chini. Ni kweli?

MwlBamvua

Asante sana dada, hilo la madumu nililiiba kwenu.

Nguo iliyolowa ukiwa ndani ya maji haina uzito wa kutisha. Maji yaliyo kwenye kitambaa yanabebwa na maji yenzake. Tulipima kanga mbili kwa mizani ya springi: zimelowa na ziko hewani, sindano inashuka vizuri. Zishushe ndani ya maji, sindano inarudi karibu na sifuri. Wasichana walirudia wenyewe kwa sababu hawakuniamini.

Ila bibi hakukosea kabisa. Nguo inazuia mwendo, na ukinzani wa maji hauongezeki pole pole: ukienda mara mbili ya kasi unazidi mara nne. Anayelazimisha kuogelea haraka na nguo ndefu anachoka kabla hajafika. Tena unapotaka kutoka, kupanda mtumbwi, hapo maji yote ya kwenye nguo yanarudi kuwa mzigo wako. Kwa hiyo ukitumbukia na nguo: usikimbie, usihangaike kuivua, lala chali kwanza.

Dumu tupu la lita 5 lililofungwa kifuniko linakupa karibu kilo 5 za akiba. Kumbuka yule kijana wa mwanzo alipungukiwa na kilo mbili na kidogo. Dumu la lita 20 linabeba kilo 19 hivi, watu watatu wanaoshikilia bila kulipanda wanaelea. Sasa angalieni mitumbwi yetu ya kuvukia, kuna madumu mangapi ya kuchotea maji hayana kifuniko? Wanafunzi wangu walifanya kampeni ya vifuniko tu. Ni mradi wa sayansi wa bei rahisi kuliko yote niliyowahi kusimamia.

Mgeni_Namba9

Nina mtoto anapenda kuvuta hewa kwa bua la jani la mpapai akiwa chini ya maji. Kuna shida?

MwlBamvua

Lenye urefu wa shubiri, akiwa karibu juu, anacheza. Shida ni wanapounganisha mabua ili washuke mita moja. Kina cha mita moja kinaongeza kanieneo kama niutoni 10,000 kwa kila mita ya mraba. Kifua cha mtoto mkubwa tuseme ni mita za mraba 0.05. Zidisha: niutoni 500. Huo ni mfuko wa saruji umewekwa kifuani wakati hewa ndani ya bua ni ile ile ya juu. Mbavu hazifunguki. Wavulana wangu waligoma kuamini, tukawaweka wasimame maji yakiwa shingoni wapumue, halafu magotini wapumue. Tofauti waliisikia wenyewe, hapo hata nusu mita haijafika.

Na kama bwawa lenu ni safi, mwambie pia asiliamini jicho. Maji ya mita mbili ukiyatazama wima kutoka juu yanaonekana kama mita moja na nusu. Wapiga samaki kwa mkuki wanalijua hili, wanalenga chini ya samaki wanayemwona. Mtoto asiyejua anasema "hapa si kirefu", anaruka.

Mkerewe_Asili

Mwalimu, huko kwenu bahari. Sisi ziwani tuna kichocho na sehemu nyingine mamba. Hiyo kamba na ngalawa haizuii konokono.

MwlBamvua

Haizuii. Mimi ningekuwa huko nisingeingiza darasa kwenye maji ya kando yenye majani na konokono, hata kidogo. Pipa linatosha kwa nusu ya somo: ujazo, pumzi, densiti, madumu, kanga. Nusu ya pili, ile ya kulala chali na kuuacha mwili, inataka maji safi mapana. Bangladesh waliifanya kwenye madimbwi ya vijijini kwa kujenga jukwaa la mianzi ndani ya maji, mtoto ana sakafu chini na ukuta pembeni. Lakini dimbwi lenyewe lazima lijulikane kuwa salama. Kama hakuna, baki na pipa. Aliyejua kwamba mikono ibaki ndani ya maji, hata kama hajawahi kuogelea, ana kitu cha kujaribu.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021 duniani, zaidi ya tisa kati ya kila kumi wakiwa nchi za kipato cha chini na cha kati. Umoja wa Mataifa ukaitenga Julai 25 kuwa siku ya kukumbuka jambo hili. Kwetu tarehe hiyo sijawahi kuisikia ikitajwa kwenye mstari wa asubuhi.

Kimbunga77

Unaongelea kuelea na hujaitaja MV Bukoba?

MwlBamvua

Nilikuwa naikwepa mkuu.

Mei 21, 1996, karibu na Mwanza. Meli ilipinduka ikabaki inaelea tumbo juu kwa sababu ya hewa iliyonaswa ndani, na watu walikuwamo. Ikatobolewa ili watolewe, hewa ikapata njia, maji yakapanda, ikazama. Ukiwa na glasi na beseni unaweza kulionyesha jambo hilo kwa dakika moja: glasi ya plastiki kifudifudi, itoboe kitako kwa sindano ya moto, iangalie. Rafiki yangu anayefundisha Mwanza nilimtumia maelezo ya jaribio hilo, akaniambia kwa upole kwamba hawezi kulifanya darasani kwake. Nikaelewa.

Na MV Nyerere, Septemba 20, 2018, Ukara, walipokufa watu 228, fundi wa kivuko alitolewa hai siku mbili baadaye. Hewa ile ile iliyonaswa. Huwa namaliza na huyo, kama nikilazimika kuzungumza.

FundiPampu

Naomba nirudi kwenye kuogelea. Umeeleza kuelea tu. Wanafunzi wako wanasonga mbele au wanabaki kama magogo?

MwlBamvua

Ha ha, wengi magogo bado. Lakini kusonga nako kuna somo lake. Mwanzoni miguu ilikuwa inawashuka, wanalalamika. Uzito wa mtu umekaa kiunoni na miguuni, hewa imekaa kifuani, kwa hiyo maji yanamgeuza kama mizani iliyoegemea upande mmoja. Tukajaribu: lala chali, pitisha mikono nyuma ya kichwa, lakini ndani ya maji. Miguu ikapanda yenyewe. Ni ule mchezo wa bembea ya ubao, mdogo anakaa mbali, mkubwa anakaa karibu. Wakati mwingine wote natumia nusu saa ubaoni kufundisha momenti, yaani nguvu inavyogeuza kitu, hapa ilichukua pumzi tatu.

Halafu kusukuma: kiganja kilichofunguka dhidi ya ngumi, nani anafika kwanza kwenye kamba? Maji yakirudi nyuma wewe unaenda mbele, Newton amemaliza kazi. Tulipima muda kwa simu, tukachora grafu. Grafu ilikuwa mbaya, pointi zimetapakaa kama kuku waliomwagiwa maji. Nikawaambia waiache hivyo hivyo.

Nikiri kitu kimoja. Mtihani wa muhula ule wastani wa darasa haukupanda kwa kiasi cha kujisifia. Swali lilikuja kwa Kiingereza, la jiwe na uzi, na wapo walioandika majibu mazuri ya binadamu ndani ya pipa ambayo kwenye mwongozo wa kusahihishia hayana alama. Mkuu wa taaluma aliniita. Tukazungumza. Mwaka huu nimeruhusiwa vipindi vinne badala ya sita.

BintiNungwi

Vinne si haba. Na yule kijana wa kwanza, aliyeokolewa na mvuvi, anaogelea sasa?

MwlBamvua

Anaelea. Kuogelea bado anapiga maji kama anafukuza nyuki. Mwanzoni hakutaka hata kulisogelea pipa, nikamwacha, nikampa jagi ahesabu. Alihesabia wenzake wiki tatu. Siku moja nimetoka maabara nikamkuta kaingia mwenyewe, maji yako kidevuni, rafiki zake wawili wamemshika, anamkaripia mwenye utepe kwamba ameweka alama kabla yeye hajajaza pumzi.